Je, Aliyemkana Mungu Aweza Kurejea?

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mwenye kuzigeuza nyoyo, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, masahaba zake na wote waliowafuata kwa wema.

Ndugu msomaji, tahariri ya mwezi huu ilikusudiwa kuzungumzia ada za madrasa na paa la darasa la wasichana linalovuja. Tumeiahirisha, na paa litavuja mwezi mmoja zaidi. Kilichotufanya tuiahirishe ni mzee mmoja wa hapa Nansio, mtu wa safu ya mbele, ambaye alinisubiri nje ya msikiti baada ya Isha mpaka watu wote wakaondoka. Jina lake tunalihifadhi. Alinishika mkono akasema: "Ustadh, mwanangu amerudi kutoka chuoni Dar es Salaam. Ametuambia mimi na mama yake, tukiwa tumekaa kula, kwamba haamini tena kuwa yuko Mungu. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayearifu kuwa amehama nyumba. Sasa nakuuliza: nimfukuze au nimsubiri? Na nikimsubiri, kuna kitu cha kusubiri?"

Nilimwambia, "Mzee wangu, msubiri." Lakini swali lake la mwisho sikulijibu usiku ule, kwa kuwa halikuwa swali la kujibiwa kwa neno moja la mlangoni. Nimelibeba tangu siku hiyo, na hapa ndipo ninapojaribu kulijibu mbele yenu nyote, kwa idhini yake.

Habari za nyumba moja katika kisiwa chetu hazikai ndani ya nyumba hiyo. Haikupita wiki ila jambo hili lilikuwa limekwishafika barazani, na watu wakagawanyika makundi mawili. Wako waliosema kwamba kijana huyu moyo wake umepigwa muhuri, hana tena marejeo, na kwamba kula naye sahani moja ni kuidhinisha ukafiri. Na wako waliocheka, wakasema hizo ni fasheni za chuo: akimaliza pesa, akishikwa na njaa au homa, atamkumbuka Mola wake mwenyewe bila kuitwa. Kundi la kwanza limemfungia mlango, la pili limemdharau. Kwa hakika sioni kwamba lolote katika hayo mawili limesoma vyema dini yake.

Tuanze na muhuri. Ni kweli kwamba katika mwanzo wa Suratul Baqara, aya ya 6 na ya 7, Allah (s.w.) ametaja watu ambao kwao ni sawasawa, waonywe au wasionywe, na kwamba nyoyo zao zimepigwa muhuri. Lakini wafasiri wametufahamisha kuwa hao ni watu ambao Allah alikwishajua katika elimu Yake kuwa watakufa katika ukafiri. Na elimu hiyo ni Yake, haikukabidhiwa baraza la Nansio. Siku aya hizo zilipokuwa zikisomwa Madina, Khalid bin Al-Walid alikuwa bado upande wa Makureishi. Amr bin Al-As alikuwa upande wa Makureishi. Abu Sufyan alikuwa akiandaa majeshi. Lau masahaba wangeichukua aya kama baadhi yetu tunavyoichukua, wangewaandika watu hao watatu katika daftari la waliofungwa na kulifunika, na historia ya Uislamu katika Sham na Misri ingekuwa nyingine.

Tena iko aya iliyo karibu zaidi na kadhia yetu, nayo aghlabu husomwa nusu. Katika Aal Imran, aya ya 86, inaulizwa vipi Allah atawaongoza watu waliokufuru baada ya kuamini kwao. Msomaji wa haraka husimama hapo na kutoa hukumu. Aendelee mpaka aya ya 89, atakuta wametolewa wale waliotubu baada ya hayo na wakatengeneza. Imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.) kwamba sababu ya kuteremka kwake ilikuwa mtu mmoja katika Ansari aliyesilimu, kisha akaritadi na kwenda kwa washirikina, kisha akajuta, akatuma ujumbe kwa jamaa zake wamuulizie Mtume (s.a.w.) kama ana toba. Aya zikateremka, wakampelekea habari, akarudi. Angalieni jambo hili: yule mtu alikuwa na jamaa wa kuwatumia ujumbe. Hawakuwa wamemfuta. Kama wangekuwa wamekwisha kumkata, angemtuma nani?

Baada ya kupitia hayo nilimfuata kijana mwenyewe. Sikwenda na kitabu. Nilimkuta karibu na gati, jioni, wakati wavuvi wa dagaa wanapotayarisha taa zao. Aliniamkia kwa adabu, shikamoo kama alivyofundishwa madrasani kwetu miaka ile, tukakaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa. Nilidhani nitasikia majina ya wanafalsafa. Nikamuuliza ni kitabu gani kilichomgeuza. Akasema, "Ustadh, hakuna kitabu. Ilikuwa meli."

Kila mtu wa Ukerewe anajua ni meli gani. Siku ya Alhamisi, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilitoka Bugolora, siku ya gulio, kuelekea Ukara. Kilijengwa kubeba watu wapatao 100. Kilikuwa na watu zaidi ya mara mbili ya hao pamoja na mizigo yao, kikapinduka karibu kabisa na gati la Bwisya, mahali ambapo watu wa nchi kavu waliweza kuona nyuso za waliokuwa ndani. Walikufa watu zaidi ya 220. Waliookolewa walikuwa kama 40, mmoja wao akiwa fundi wa kivuko aliyekutwa hai ndani yake siku ya Jumamosi. Katika waliokufa alikuwemo mama mdogo wa kijana huyu.

Wakati huo alikuwa mwanafunzi wa sekondari, ana miaka kumi na saba. Katika siku za msiba akahudhuria mawaidha mahali fulani, na mhubiri aliyesimama akasema kwamba ile meli ilizama kwa sababu ya maasi ya waliokuwemo: walevi, wanawake wasiojisitiri, na makreti ya bia. Kijana akaniambia: "Mama mdogo alikuwa amebeba unga na madaftari ya watoto. Nilikaa pale nikasikiliza mpaka mwisho. Hakuna mtu mzima aliyenyanyuka kumrekebisha. Nilipotoka nilikuwa najua jambo moja tu, kwamba Mungu huyo simtaki. Kutoka kutomtaka hadi kusema hayupo kulinichukua miaka mitatu, na chuoni nikakuta watu waliokuwa na maneno tayari."

Ndugu msomaji, sikuwa na la kusema kwa muda. Mhubiri yule, Allah amsamehe, alikuwa na Hadithi mkononi mwake ambayo kila mwanafunzi wa mwaka wa pili anaijua, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (s.a.w.) alimhesabu aliyekufa maji miongoni mwa mashahidi. Aliiacha Hadithi hiyo kwenye kitabu, akachukua dhana yake mwenyewe, akaivika kilemba na kuipandisha juu ya mimbari. Wala hakuwa na haja ya kutafuta maasi ya abiria, kwani sababu ya ajali ilikuwa dhahiri: chombo kidogo kilipakiwa watu wengi kupita kiasi, na kupakia watu kupita kiasi ni kosa la wenye dhamana, lina majina na lina sheria zake. Kumsingizia Allah kosa la mwanadamu ni jambo kubwa. Na pengine waliohudhuria pale tukanyamaza tuna fungu letu.

Nimeandika "tukanyamaza". Sikuwepo katika kikao kile, nilikuwa bado masomoni Khartoum. Lakini nimekaa katika vikao vingine mfano wa hicho, na nimenyamaza.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza kama mkana Mungu aweza kuamini, yafaa kuuliza ni Mungu gani aliyemkana. Huyu wetu alimkana mungu anayewazamisha akina mama wenye unga kwa sababu jirani zao wamebeba bia. Mungu huyo nasi hatumwamini. Tumekubaliana naye nusu ya njia bila ya yeye kujua.

Hata hivyo tusijidanganye kwamba kila mkana Mungu ni mtu aliyeumizwa. Wako waliofika huko kwa kusoma na kufikiri, na hao hawapendi kuambiwa kuwa wana majeraha, nao wana haki ya kutopenda. Qur'an yenyewe haikuwafanya wote kuwa kundi moja. Imewataja wale waliosema kuwa hakuna ila maisha haya ya dunia na kwamba hapana kinachowaangamiza ila dahari, katika Suratul Jathiya aya ya 24, nao ndio ambao wanazuoni wetu waliwaita Dahriyya. Ikawajibu kwa kusema kuwa hawana elimu ya hilo, wanadhani tu. Hilo ni jibu la hoja kwa hoja. Hawakujibiwa kwa kuambiwa kuwa ni watu wabaya.

Katika zama zetu mfano ulio mashuhuri zaidi kwa wasomaji wa Kiarabu ni wa Daktari Mustafa Mahmoud wa Misri, aliyezaliwa mwaka 1921 na kufariki mwaka 2009. Nimerudi kwake mwezi huu kwa sababu kisa chake kinafanana na cha kijana wetu kwa namna iliyonishangaza. Hupokewa kwamba alipokuwa mtoto alikuwa akihudhuria msikitini kwa bidii, mpaka siku sheikh alipowafundisha dawa ya kufukuza mende: waandike maneno fulani kwenye karatasi, waibandike ukutani, na mende watakimbia. Mtoto akafanya kama alivyoambiwa. Mende wakaja wakafanya ile karatasi kuwa maskani. Ni kichekesho, nasi tulipokisikia darasani Khartoum tulicheka. Mwalimu wetu hakucheka. Alisema: yule sheikh aliuza imani ya mtoto kwa bei ya mende.

Mtoto huyo akakua, akasomea udaktari, akazama katika elimu ya mwili ambayo kwayo kila kitu kina sababu inayoonekana. Katika miaka ya 1950 akaandika kitabu kumhusu Mungu na mwanadamu ambacho kilizusha ghadhabu kubwa na kuzuiwa. Huyo hakuwa mtu wa kutia shaka kwa ajili ya mzaha. Kisha ikapita miaka. Akasoma falsafa, akasoma dini za Mashariki ya mbali, akasafiri, akakaa peke yake. Mnamo mwaka 1970 akatoa kitabu cha safari yake kutoka kwenye shaka hadi kwenye imani, ambacho wengi wetu tumekisoma tukiwa na miaka ishirini. Humo alikiri kwamba kilichomfunga muda wote ule kilikuwa zaidi kujiona kwake mwenyewe, kule kuvutiwa na akili yake iliyokuwa imeanza kufunguka, kuliko upungufu wa dalili. Baadaye akajenga msikiti Giza, mwaka 1979, ambao pembeni yake mna zahanati za kutibu maskini, na akaendesha kipindi cha televisheni cha elimu na imani kilichorushwa kwa mamia ya vipindi na kuwakusanya watu wa Misri mbele ya runinga kuanzia profesa hadi bawabu.

Sikubaliani na kila alichokiandika. Kitabu chake cha mwisho mwisho kuhusu shafaa kilijibiwa na wanazuoni wengi, na walikuwa na haki ya kumjibu. Lakini swali la mzee wetu, kama kuna kitu cha kusubiri, limejibiwa na maisha ya mtu huyo. Yule aliyeandika kitabu cha kwanza ndiye aliyeandika cha pili. Na neno la muhimu ni hili: ile tabia yake ya kutokubali jambo bila kulichunguza, ambayo ilimtoa, ndiyo iliyomrudisha. Hakulazimika kuivua akili yake mlangoni kama viatu.

Wala si katika Uislamu peke yake jambo hili hutokea, na hapa naomba msomaji asinielewe vibaya. Majirani zetu wa Kenya wana chama cha wakana Mungu kiitwacho Atheists in Kenya, kilichopata usajili mwaka 2016 na kusimamishwa mwaka huohuo, jambo lililozua kesi na mjadala mrefu. Sensa yao ya mwaka 2019 iliwahesabu watu zaidi ya 755,000 waliojibu kuwa hawana dini. Si wote hao wanaomkana Mungu, lakini idadi yenyewe yatosha kutuondolea ndoto kwamba jambo hili ni la Wazungu. (Sisi Tanzania hatuna idadi ya kulinganisha, kwa kuwa sensa zetu zimeacha kuuliza dini tangu baada ya ile ya mwaka 1967. Hilo ni suala jingine, na wasomaji wa kurasa hizi wanajua maoni yetu.) Basi mwishoni mwa Mei 2021 mwenyekiti wa chama hicho, Harrison Mumia, alitoa taarifa kwamba katibu wao, Seth Mahiga, amejiuzulu. Sababu iliyotolewa ni kwamba amempata Yesu Kristo na hana tena haja ya kueneza ukana Mungu nchini Kenya. Chama kikamshukuru kwa utumishi wake, kikamtakia heri, na kutangaza kwamba nafasi ya katibu iko wazi.

Habari hiyo ilizunguka dunia nzima, na watu wengi waliicheka. Mwenyewe alisema kanisani kwamba alikuwa akipitia magumu katika maisha yake. Wakana Mungu wakasema: mnaona, si hoja iliyomrudisha, ni shida. Na baadhi ya Waislamu wakasema: ametoka shimo hili akaingia lile. Mimi nasema, kwa upande wa itikadi, hatuwezi kuficha tofauti yetu na alikofikia, wala yeye hangetaka tuifiche. Lakini swali letu la leo ni kama mtu aliyeshika ofisi ya ukana Mungu, mwenye cheo na muhuri wa chama, aweza kuamka siku moja akasema yuko Mola. Jibu limetoka Nairobi, na limetangazwa na chama chake mwenyewe. Tena nawaonea wivu namna walivyomuaga. Walimshukuru na kumtakia heri. Sisi yule anayetutoka tunamuaga vipi?

Lile neno kwamba ni shida tu iliyomrudisha linastahili kuchunguzwa, kwa sababu ndilo lilelile la kundi letu la pili barazani, wanaongojea kijana ashikwe na njaa. Qur'an imelizungumzia, na imelizungumzia kwa mfano wa chombo cha majini ambao watu wa kisiwa hawahitaji kufafanuliwa. Katika Suratu Yunus aya ya 22 na Al-Ankabut aya ya 65 wametajwa waliomo jahazini: upepo ukichafuka na mawimbi yakiwajia kutoka kila upande humwomba Allah kwa ikhlasi, na wakishafikishwa nchi kavu hurudia ushirikina wao. Wangapi katika sisi tumeomba hivyo kati ya Nansio na Mwanza, kisha tukashuka gatini na kugombana na wachukuzi kabla ya kumaliza alhamdulillahi?

Aya hizo hazikusema kuwa dua ya dhoruba ni ya uongo. Zimesema kwamba wakati ule ilikuwa safi. Lawama imekuja kwa walichofanya baada ya kukanyaga mchanga. Kwa hiyo shida ni mlango kama milango mingine, wala aliyeingia kwayo hapaswi kuona haya, ila atapimwa kwa anavyoishi bahari ikitulia. Firauni peke yake ndiye aliyengoja mpaka maji yakamfika kooni, akakataliwa, na jambo hilo liko katika sura ileile ya Yunus. Lakini yeye alikuwa amekwishafika kwenye mauti. Aliye hai, anakula, anabishana na baba yake, hayuko alipokuwa Firauni.

Na kumngojea kijana ashikwe na njaa ili aamini, hiyo ni namna ya kumtakia mabaya. Muumini hamtakii mtu njaa.

Wako pia wanaokuja kwa hoja tupu. Antony Flew, Mwingereza, mtoto wa mchungaji wa Kimethodisti, alitumia zaidi ya miaka hamsini akiwa miongoni mwa wanafalsafa mashuhuri wa kukana Mungu. Mwaka 2004, akiwa na umri wa miaka 81, akatangaza kwamba uchunguzi wa uhai na maumbile umemfikisha kukubali kuwa yuko Aliyeanzisha vyote. Akaishia hapo. Hakuingia dini yoyote mpaka alipokufa mwaka 2010. Hoja ilimfikisha kizingitini naye akasimama. Sisemi hili kwa kumdharau. Kizingiti si mbali na chumba.

Kati ya shida na hoja kuna njia ya tatu ambayo naipenda kuliko zote, nayo ni ya Jubair bin Mut'im (r.a.). Alikuja Madina baada ya Badr, naye bado ni mshirikina, kwa ajili ya mazungumzo ya mateka wa Kikureishi. Akamsikia Mtume (s.a.w.) akisoma Suratut Tur katika swala ya Magharibi. Akafika pale ambapo watu huulizwa kama wameumbwa pasipo na kitu, au wao wenyewe ndio waumbaji. Jubair akasimulia baadaye, na masimulizi yake yamo katika Sahihi Bukhari, kwamba moyo wake ulikaribia kuruka. Hayo yalikuwa maswali tu. Hakuna aliyemtisha, hakuna aliyemshinda kwenye mdahalo. Alikuwa mgeni aliyekuja kwa shughuli nyingine akapita karibu na watu wanaoswali. Nasi huwa tunasahau kwamba hakusilimu jioni ile. Alirudi Makka na maswali yake, ikapita miaka, ndipo akasilimu. Kama tungekuwa sisi, tungemkamata pale pale mlangoni na kumdai jibu, na tusipolipata tungemwandika kuwa amekataa.

Sasa nirudi kwa wale wanaotaka akatwe. Wako walioniambia kwamba mimi nalegeza, na kwamba vitabu vya fiqhi vina mlango wa murtadi. Vinao. Vilevile vina sharti kwamba hukumu ni ya kadhi, baada ya kuondolewa shubuha na kutakiwa toba, na imepokewa kutoka kwa Ibrahim An-Nakhai na Sufyan At-Thawri, nao si watu wadogo, kwamba hutakiwa toba daima, bila ya muda. Anayetaka kufungua mlango huo wa vitabu kabla hajakaa na kijana saa moja juu ya mtumbwi, basi hata shubuha yenyewe haijui, ataiondoaje?

Na anayedhani kuwa mabavu huzaa imani aitazame Albania. Mwaka 1967 serikali ya nchi ile iliyokuwa na Waislamu wengi ilifunga misikiti na makanisa yote na kujitangaza kuwa nchi ya kwanza isiyo na Mungu. Wanazuoni wakatiwa gerezani. Hafidh Sabri Koçi alikaa humo zaidi ya miaka ishirini. Tarehe 16 Novemba 1990 ndiye aliyewaswalisha watu swala ya kwanza ya hadharani katika mji wa Shkodër, na waliohudhuria wengi walikuwa vijana waliozaliwa baada ya marufuku, ambao hawakuwahi kuona mtu akiswali hadharani. Ikiwa gereza halikuweza kuutoa moyoni mwa watu wale, vipi sahani ya kutengwa iutie moyoni mwa huyu?

Limebaki jambo moja, nalo huja baada ya kurejea. Tumezoea kumpokea anayerejea kwa jicho la pembeni: amerudi kwa sababu anataka kuoa, amerudi kwa sababu ya urithi, tumpe mwaka tumwone. Usama bin Zaid (r.a.), kipenzi na mtoto wa kipenzi cha Mtume (s.a.w.), alimuua vitani mtu aliyetamka shahada upanga ukiwa juu yake, akijitetea kwamba mtu yule alisema kwa kuogopa silaha. Mtume (s.a.w.) akamuuliza kama aliupasua moyo wake ili ajue. Akamrudia maneno ya lawama mara nyingi hadi Usama akatamani kuwa angekuwa hajasilimu kabla ya siku ile. Ikiwa hali iliyo wazi kama ile, ya upanga na hofu, haikumpa sahaba ruhusa ya kuhukumu kilichomo kifuani, je sisi na baraza letu?

Nimemrudia mzee nikamwambia hayo kwa ufupi kuliko nilivyoyaandika. Alisikiliza, akauliza jambo moja tu: kama aendelee kumwamsha Alfajiri. Nikamwambia asimwamshe kwa ajili ya swala, ila asiache kuamka yeye, na asiifanye sauti yake ya kusoma kuwa ndogo kuliko ilivyokuwa. Mama yake naye ameambiwa asimtenge chakula.

Kijana mwenyewe tumekutana mara tatu. Hajabadili kauli yake, wala sitaandika hapa kuwa amebadili ili tahariri ipendeze. Mara ya mwisho nilimweleza ile Hadithi ya aliyekufa maji. Akaniuliza ilipokewa na nani, na imo katika mlango gani. Nikamwambia. Akataka kujua kwa nini basi hakuisikia mwaka 2018, nikamwambia sina udhuru. Akanyamaza akitazama upande wa Ukara, ingawa kutoka gati la Nansio Ukara haionekani. Kisha akasema Jumamosi baada ya Laasiri atakuwa na nafasi, na akauliza kama anaweza kuja na mwenzake mmoja ambaye naye alikuwa na mtu katika meli ile.

Wabillahi tawfiq.